Je, Wajua? Heshima ya Mtu Anayefungua Mlango wa Sinagogi

Je, wajua kwamba kila Jumamosi asubuhi, katika masinagogi mengi ya dunia, watu wa kujitolea huombewa kabla ya serikali? Torati ikishasomwa, na gombo likiwa bado halijarudishwa kabatini, kiongozi wa sala huwaombea baraka wanaouhudumia mkutano. Sala yenyewe ina karne nyingi na haina maneno ya kuzunguka. Inataja kazi moja moja: wanaotenga nyumba ya kusalia, wanaoingia humo kusali, wanaotoa taa za kuiangazia, wanaotoa divai ya kuibarikia Sabato, wanaowapa wageni mkate, wanaowapa maskini sadaka, na wote wanaoshughulikia mahitaji ya jamii kwa uaminifu. Hakuna cheo kinachotajwa. Ikishamalizika hiyo ndipo, kwa utaratibu wa vitabu vingi vya sala vya Wayahudi wenye asili ya Ulaya, inafuata sala ya kuwaombea watawala wa nchi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Nyamityobora, hapa Mbarara, na linawahusu zaidi ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu maisha yetu yamebebwa na watu wa namna hiyo. Kuna anayefagia kanisa alfajiri, anayejaza maji ya udhu msikitini, anayewafundisha watoto kusoma chini ya mti bila kuulizia malipo. Tunawapenda, lakini tuna njia chache za kuwaheshimu: makofi siku ya sherehe, labda soda, labda cheti. Wayahudi wamekuwa na karne nyingi za kulifikiria suala hili, na sehemu ya mila yao imeota mizizi hapa hapa Uganda, upande wa Mbale. Ndiyo maana safari hii ukurasa wetu wote tumewapa wao.

Kwanza, kazi zenyewe. Ibada kamili ya Kiyahudi inahitaji watu wazima 10. Waorthodoksi huhesabu wanaume peke yao. Wa madhehebu ya Konsavativu na Riforma huhesabu na wanawake. Wakiwa tisa, Torati haisomwi hadharani kutoka kwenye gombo lake, na aliyefiwa hawezi kusema ile sala ya wafiwa ambayo mtoto huwasomea wazazi wake kwa karibu mwaka mzima. Fikiria uzito wa hilo katika mji mdogo, siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, kuna baridi, na watu waliofika ni tisa. Mtu wa kumi anayetoka kitandani na kuja hakuleta fedha wala kipaji chochote. Amekuja tu, na kwa kuja kwake mjane au yatima ameweza kusali. Kuhudhuria kwenyewe kunahesabiwa kuwa ni utumishi, na mimi naona hapo kuna hekima kubwa kuliko kwenye hotuba nyingi tunazozisikiliza.

Halafu kuna gabai. Gombo la Torati huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, lina herufi 304,805, na halina irabu, halina nukta, halina alama yoyote ya kumwonyesha msomaji mahali pa kupandisha au kushusha sauti. Msomaji lazima awe amejifunza sehemu yake nyumbani. Gabai husimama ubavuni kwake akiwa na kitabu kilichochapishwa chenye alama zote, na kidole chake hufuata neno kwa neno. Msomaji akikosea neno kiasi cha kubadilisha maana, gabai humsahihisha papo hapo na neno linarudiwa. Inatakiwa sauti ya chini, isiyomwaibisha mtu mbele ya mkutano. Gabai huyo huyo ndiye anayeamua nani aitwe mbele kubariki Torati wiki hii, kwa hiyo ni lazima ajue nani amepata mtoto, nani ametoka hospitali, nani anakumbuka kifo cha baba yake. Katika sinagogi dogo kazi hii haina mshahara, na wapo walioifanya miaka thelathini au arobaini.

Je, wajua kwamba Wayahudi wa Uganda walikaa miaka 89 bila rabi aliyetoka miongoni mwao? Wanaitwa Abayudaya, na habari yao inaanza na Semei Kakungulu, jemadari Muganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki na ambaye ndiye mwanzilishi wa mji wa Mbale. Alitarajia kupewa ufalme wa sehemu hiyo. Hakupewa. Akaachana nao polepole, akajiunga na dhehebu la Wamalaki, na akazama katika kusoma Agano la Kale. Mwaka 1919 aliamua kutahiriwa, yeye na wanawe. Alipoambiwa kwamba kufanya hivyo ni kuwa Myahudi, akajibu kwamba basi tangu siku hiyo wao ni Wayahudi. Mwaka 1920 alifika Myahudi mmoja kutoka Ulaya, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda ya sikukuu, sala, na namna ya kuchinja. Kisha akaondoka. Kakungulu aliandaa kitabu cha mwongozo wa imani kwa Kiganda mwaka 1922, chenye kurasa zipatazo 90, na mwaka 1928 akafariki.

Hapo ndipo habari ya watu wa kujitolea inapoanza hasa. Jamii ilibaki mikononi mwa Samson Mugombe, mmoja wa wanafunzi wa Kakungulu, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo chochote cha marabi. Hapakuwa na shirika la kuwatumia fedha. Waliowazunguka walikuwa Wakristo na Waislamu, na wengi wa wafuasi wa kwanza wakarudi kwenye dini hizo. Waliobaki walijifunza Sabato kutoka kwa wazazi wao, wakachinja kama walivyoonyeshwa na Yosef, na wakaimba zaburi kwa Kiganda. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Kiebrania walichokuwa nacho kilikuwa kidogo sana, lakini walikihifadhi.

Kisha Idi Amin akashika madaraka mwaka 1971. Mwaka uliofuata akawafukuza Waisraeli nchini, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa. Rabi Gershom Sizomu, ambaye alikuwa mtoto enzi hizo, amewahi kusimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa sababu ya imani hiyo, akaachiwa baada ya familia kutoa mbuzi watano. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na 300 hivi utawala huo ulipoanguka mwaka 1979. Hao 300 ndio ninaowafikiria kila ninapoandika neno kujitolea. Hakuna aliyewalipa kusali chumbani kwa siri. Mama aliyewasha mishumaa ya Ijumaa jioni na kufunika dirisha hakuwa na cheo chochote.

Miaka ya 1980 vijana wa jamii hiyo walikusanyika kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, wakaishi na kulima kwa ushirika wakifuata mfano wa vijiji vya ujamaa vya Israeli. Miongoni mwao walikuwepo huyo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki, ambaye watu wengi humwita JJ. Walijenga upya kile kilichobomoka. Walitunga nyimbo, Kiganda na Kiebrania vikikaa pamoja katika ubeti mmoja, na nyimbo hizo zilitolewa mwaka 2003 katika albamu ya Smithsonian Folkways iliyoandaliwa na Jeffrey Summit, rabi na mtaalamu wa muziki kutoka Marekani. Albamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nadhani ni mara chache sana kwaya ya wakulima wa kilimani kufika huko.

Mwaka 2002 baraza la marabi wa Konsavativu kutoka nje lilikuja na kuwapokea rasmi watu wapatao 400. Sizomu akaenda kusoma Los Angeles, katika Chuo cha Ziegler, akahitimu na kuwa rabi mwaka 2008. Toka 1919 mpaka 2008: ndiyo hiyo miaka 89. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi hata kidogo, walimchagua kuwa mbunge wao, na mwaka huo huo sinagogi kubwa la Stern likafunguliwa pale Nabugoye. Yeye anastahili sifa zote hizo. Lakini rabi huyo alipata mahali pa kurudi kwa sababu watu wasio na jina gazetini walikuwa wamekwisha kuifungua na kuifunga milango ile kwa vizazi vitatu.

Kwa pembeni kidogo: je, wajua kwamba ule uitwao Mpango wa Uganda haukuihusu Uganda tunayoijua? Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotafuta nchi ya Wayahudi, ardhi ya kuwapa hifadhi Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya. Ujumbe wa watu watatu ulitumwa kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukaikataa. Wayahudi wachache waliokuwa wamekwisha kufika walianzisha mkutano wao Nairobi mwaka 1904, na sinagogi lao lipo hadi leo katikati ya jiji. Mmoja wa jamii hiyo, Israel Somen, alikuwa meya wa Nairobi katikati ya miaka ya 1950.

Turudi kwa JJ Keki, kwa kuwa kazi yake inastahili kusimuliwa taratibu. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, na aliyaona kwa macho yake mashambulizi yaliyoangusha majengo yale mawili. Alirudi Mbale akiwa na neno moja la kuwaambia majirani: dini zisituue sisi pia. Wengine wangefanya mkutano, wakatoa tamko. Keki alikuwa mkulima wa kahawa, na majirani zake Waislamu na Wakristo walikuwa wakulima wa kahawa, na wote walikuwa wakipunjwa bei na walanguzi wale wale. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Mwaka 2004 wakaanzisha ushirika walioupa jina la Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ambamo Myahudi, Mkristo na Mwislamu wanauza kahawa yao kwa pamoja na uongozi wanagawana. Kampuni ndogo ya California, Thanksgiving Coffee, ikakubali kuinunua kwa bei ya haki. Ushirika ulianza na mamia ya wakulima ukaendelea kukua.

Rabi Musa bin Maimuni, aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga sadaka katika ngazi nane. Ngazi ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amenuna. Ya pili kutoka juu ni ya mtoaji na mpokeaji wasiojuana. Na ya juu kabisa, inayoshinda zote, ni kumpa mtu mkopo, au kushirikiana naye katika biashara, au kumtafutia kazi, mpaka asihitaji tena kuomba. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Nakivale, mahali ambapo mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara na kila familia inajua maana ya kusimama kwenye mstari, unaona kwamba Keki alianzia ngazi ya juu.

Je, wajua mtu anayeheshimiwa katika sinagogi mara nyingi ndiye anayewalisha wengine? Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, ipo sikukuu ya kuifurahia Torati. Magombo yote hutolewa kabatini, watu huyabeba na kucheza nayo kwa mizunguko saba. Kisha mtu mmoja huitwa kuibariki sehemu ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, habari ya kifo cha Musa, na papo hapo, bila kungoja hata siku moja, mwingine huitwa kubariki mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Huyo wa kwanza anaitwa bwana harusi wa Torati, na wa pili bwana harusi wa Mwanzo. Katika masinagogi mengi nafasi hizo hupewa watu walioihudumia jamii kwa miaka: mweka hazina, mwalimu wa watoto, mpishi wa sikukuu. Penye wanawake wanaoitwa kwenye Torati, huwa mabibi harusi. Na baada ya ibada, desturi ni kwamba aliyeheshimiwa huandaa meza ya chakula na kinywaji kwa ajili ya mkutano wote. Sisi tukimheshimu mtu tunamkalisha, tunampigia makofi, tunamletea sahani. Wao wanamwongezea kazi moja ya furaha, na yeye anaipokea.

Heshima nyingine ni ya kuinyanyua Torati baada ya kusomwa. Anayeitwa hushika miti miwili ambayo gombo limezungushiwa, analivuta mpaka safu kadhaa za maandishi zionekane, halafu analiinua juu na kugeuka ili kila mtu aone herufi. Gombo kubwa linaweza kuwa na kilo kumi na zaidi. Mwanzoni mwa mwaka wa usomaji karibu uzito wote uko mkono wa kushoto, na mwishoni unahamia wa kulia, kwa hiyo anayeinua wiki hizo lazima awe na mikono imara. Gombo likianguka, mila inawataka waliokuwepo wafunge. Ndiyo maana ukiangalia nyuso za watu wakati gombo linapanda utaona wote wamekaza macho, na likishakaa salama pumzi zinashuka. Nabugoye, wanawake kwa wanaume huitwa kwa heshima hizi. Putti, kijiji kingine cha Abayudaya, wamechagua njia ya Kiorthodoksi, na huko wanaume ndio wanaoitwa.

Kuna suala la fedha, na hapa mila hii inazungumza nasi moja kwa moja. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka 200, unaagiza kwamba michango ya maskini ikusanywe na watu wawili, si mmoja, na igawanywe na watatu. Wawili ni kwa sababu mamlaka juu ya jamii hayapewi mtu mmoja peke yake. Watatu ni kwa sababu kugawa ni kuhukumu: nani anahitaji zaidi, nani apewe kwanza, na baraza la hukumu kwa Wayahudi ni la watu watatu. Mishna hiyo inaeleza pia kwamba aliyeingia chumba cha hazina cha Hekalu kutoa fedha hakuruhusiwa kuvaa nguo yenye pindo, wala viatu, ili siku akitajirika watu wasiseme ametajirika kwa mali ya Hekalu. Sheria inataka mtu awe safi mbele ya Mungu na aonekane safi mbele ya jirani.

Wanachama wa vikundi vya akiba, Mbarara na Nakivale, wanalielewa hili bila mwalimu. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Sikusudii kusema kwamba waliiga Mishna. Waliokaa na fedha za wengine wamegundua jambo lile lile mahali pengi, kwamba unamlinda mtu mwema kwa kutomwacha peke yake na fedha.

Hata Musa alitoa hesabu. Katika Kutoka sura ya 36 watu waliojitolea kujenga hema la ibada walileta vitu vingi mno mpaka ikabidi atangaze kwamba imetosha, wasilete tena. Sidhani kama kuna kamati ya ujenzi ya parokia yoyote ya Ankole iliyowahi kutoa tangazo hilo. Sura mbili mbele, fedha na dhahabu na shaba zote zinaorodheshwa. Masimulizi ya marabi yanaongeza kwamba Musa alipofika kwenye shekeli 1,775 za fedha alisahau zilitumika wapi, akashikwa na hofu kwamba watu watamdhania mwizi, mpaka alipoinua macho akaona kulabu za nguzo. Zilikuwa huko.

Je, wajua kwamba kazi ya kujitolea inayohesabiwa kuwa ya juu kuliko zote ni ile ambayo anayetendewa hawezi kushukuru? Ni kuwaandaa wafu. Kila jamii ya Kiyahudi iliyokamilika ina chama chake kitakatifu cha mazishi, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Wanauosha mwili, wanaumwagia maji ya kuutakasa, wanauvika sanda nyeupe isiyo na mifuko, sawa kwa tajiri na maskini. Wakati wote huo hawaongei mambo ya nje, wala hawapitishiani kitu juu ya maiti. Wakimaliza, wanamwita marehemu kwa jina na kumwomba msamaha kama wamemkosea heshima kwa namna yoyote. Msomaji Mwislamu ataona mengi ya kwao hapa. Chama cha Prague kilianzishwa mwaka 1564, na mwishoni mwa karne ya 18 kilichorewa mfululizo wa picha za rangi zinazowaonyesha wanachama wakimwosha maiti, wakibeba jeneza, wakichimba kaburi. Picha hizo zipo kwenye makumbusho ya Wayahudi ya mji huo.

Vyama hivyo vina siku yao. Ni tarehe 7 ya mwezi wa Adar, ambayo mapokeo yanasema ndiyo siku aliyokufa Musa, na kwa masimulizi Mungu mwenyewe ndiye aliyemzika. Jamii nyingi huchagua siku hiyo: wanachama hufunga mchana, na jioni huandaliwa karamu kwa heshima yao. Kufunga ni kwa sababu ya makosa ambayo huenda waliyafanya kwa wafu. Karamu ni kwa sababu bila wao hakuna ambaye angezikwa kwa staha.

Kusini magharibi mwa Uganda tuna vyama vya engozi. Engozi ni machela ya kusukwa, na chama ni cha majirani waliokubaliana kwamba mgonjwa akizidiwa juu ya kilima ambako gari halifiki, watambeba kwa zamu mpaka barabarani, na akifa watamrudisha kwa machela hiyo hiyo. Asiyetokea zamu yake hutozwa faini. Vyama vingine sasa vinakusanya akiba na kununulia sufuria na viti vya msiba. Nakivale, watu wa mataifa mbalimbali wamelazimika kuunda vyama vya kuzikana upya kabisa, kwa kuwa ukoo uliotakiwa kubeba jeneza umebaki Kivu, au Gitega, au Mogadishu. Mimi ningependa vyama hivi navyo viwe na siku yao.

Je, wajua kwamba moja ya maandishi ya kale zaidi kuhusu sinagogi linamsifu mtu aliyejenga nyumba ya wageni? Mwaka 1913 na 1914 Mfaransa Raymond Weill alichimba Yerusalemu na kulipata jiwe lenye mistari 10 ya Kigiriki, linalokadiriwa kuwa la kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Limemtaja Theodotos mwana wa Vettenos, kuhani na mkuu wa sinagogi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakuu wa sinagogi pia. Linasema alilijenga sinagogi kwa ajili ya kusoma Sheria na kufundisha amri, pamoja na malazi, vyumba na maji kwa wageni watokao mbali wenye shida ya mahali pa kufikia. Maji yameandikwa kwenye jiwe la heshima. Aliyewahi kushuka kwenye lori Nakivale na mtoto mgongoni, akaulizia bomba liko wapi, anajua kwa nini yaliandikwa.

Mila hiyo haikuishia kwenye jiwe. Mwishoni mwa karne ya 19, Wayahudi wa New York waliunda shirika la kuwapokea wenzao waliokimbia mauaji ya Urusi: mkate, kitanda, mtu wa kuwatafsiria bandarini. Shirika hilo ni HIAS, na leo linawahudumia wakimbizi wa dini zote.

Mafundi nao hawakusahauliwa. Mwishoni mwa mwaka 1928 wanakijiji wa Kiyahudi waliokuwa wakichimba mfereji wa maji kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Israeli walikuta sakafu ya mawe madogo ya rangi. Lilikuwa sinagogi la Beth Alpha, la karne ya 6. Maandishi ya sakafuni yanasema iligharamiwa kwa michango ya watu wa kijiji, na pembeni yameandikwa majina ya mafundi walioitandaza: Marianos na mwanawe Hanina.

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyodumu kuliko yote Afrika. Kwa zaidi ya miaka 60 wamepita humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Ukienda Base Camp, Juru au Rubondo, utakuta kamati za ustawi wa wakimbizi, RWC, zinazochaguliwa na wakimbizi wenyewe na kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba mpaka usiku. Utawakuta wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, utaratibu ambao Uganda iliuanzisha mwaka 2001, wakizunguka na dawa za malaria za watoto. Hawana mshahara. Wapo waliofanya hivyo muda mrefu kuliko umri wa watoto wanaowatibu. Vibao vya barabarani vimeandikwa majina ya wafadhili. Ya watu hawa sijayaona popote. Kanisa lolote au msikiti wowote wa Nakivale unaweza, Jumapili au Ijumaa hii hii, kuyasoma kwa sauti, pamoja na kazi za kila mmoja, kabla ya kuombea serikali. Haigharimu shilingi.

Na la mwisho la safari hii. Je, wajua jinsi Myahudi anavyoitwa anapopewa heshima ya Torati? Gabai haiti jina la ukoo wala cheo. Huita jina la mtu na la baba yake, na katika jamii nyingi la mama pia: fulani, mwana wa fulani na fulani. Je, na aliyepokelewa rasmi katika dini hii, ambaye wazazi wake hawakutambuliwa kuwa Wayahudi, kama wale 400 hivi waliopokelewa Mbale mwaka 2002? Huyo huitwa mwana wa Abrahamu na Sara, na Mishna inakataza mtu yeyote kumkumbusha mtoto wa waongofu mambo waliyoyafanya baba zake.